Koti, Kizibao na Harusi ya Mwanao

Mpendwa mama mkwe,

Salaam nyingi kutoka Observatory, huku mlimani Johannesburg, kwenye nyumba ile ile uliyoiita friji yenye madirisha. Ujumbe wako nimeupata. Tangu talaka umekaa kimya nami nimekaa kimya, kila mmoja akimwonea haya mwenzake kwa jambo ambalo hakulifanya yeye. Halafu jana, nikiwa kwenye foleni ya benki, simu ikatetemeka, nikaona jina lako, na ujumbe wenyewe maneno mawili tu: "Nivae nini?"

Hukusalimia. Hukusema unakuja harusini, wala harusi ya nani. Ulijua kwamba ninajua. Mwanao anaoa Oktoba hii, bustanini, mitaa michache kutoka hapa kwangu, na wewe unafunga safari kutoka Tanga kuja kumwona bibi harusi. Na katika watu wote wa mji huu, uliyemkumbuka kumuuliza habari za nguo ni mimi, mke aliyeachwa. Nilicheka kwa sauti hadi foleni nzima ikageuka. Kisha nikalia kidogo, ila hiyo hawakuiona, maana nilijifunika mtandio.

Nitakujibu, mama. Lakini niruhusu nikumbuke kwanza, kwa sababu mengi ninayoyajua juu ya kuvaa katika mji huu niliyajua kwa kukutazama wewe ukikosea.

Unakumbuka ulivyotua mara ya kwanza? Mwanao alikuambia Septemba huku ndiyo mwanzo wa joto. Hakudanganya, alisahau tu kukueleza kwamba joto lenyewe huanza saa nne na kuondoka saa kumi. Ukashuka na dera jepesi na ndala za shanga, vidole vyote nje. Ilikuwa mchana, jua safi, ukatuangalia tulivyobeba makoti ukasema, "Nyie watoto mmedekezwa." Jua lilipozama ukalikimbilia begi. Ulivaa kila kilichokuwemo, dera juu ya dera, ukamalizia na soksi za mwanao mikononi. Nilikuletea chai ukashindwa kushika kikombe kwa ajili ya zile soksi, na ukakataa kuzivua.

Asubuhi ukatoka nje kuota jua, ukakaa pale kwenye ngazi, na baada ya muda ukaniita. "Mkwe, hawa watu wamekosea. Baridi wameifungia ndani ya nyumba, joto wameliacha barabarani." Mimi nilikuwa nimekaa Johannesburg miaka na sikuwahi kuliona jambo hilo wazi namna hiyo. Ni kweli kabisa. Kwetu mtu huvaa akitoka nyumbani. Huku unavua ukitoka na kuvaa ukirudi, na mchana ukishajiona umeipatia, inakuja radi. Kuanzia siku hiyo ukaacha kulalamika ukaanza kujifunza, na mimi nikadhani nakufundisha.

Halafu ikaja siku ya Marshalltown, kule katikati ya mji. Ulitaka kuona ofisi ninayofanyia kazi, nikakuchukua asubuhi kukiwa na ubaridi wa kukata masikio. Nilivaa koti langu la kijivu, lile la heshima, nikajiona mwanamke wa mjini. Wewe ulivaa gauni la pamba la mikono mirefu, sweta jembamba juu yake, kisha kile kizibao cheusi cha marehemu baba mkwe, alichokuwa akivaa juu ya kanzu siku za Idi. Nilitaka kukuambia kizibao cha kiume hakiendi na gauni. Nashukuru nilinyamaza, kwa sababu tulipofika mjini wasichana wawili waliopishana nasi walikugeukia, mmoja akakuinulia dole gumba: "Eish, mama! Sharp!" Ukaniuliza ni matusi au ni sifa. Nikasema ni sifa, ukarudi nyuma kuwasalimia vizuri.

Ilipofika adhuhuri jua lilikuwa limeshawaka. Sweta ulishalivua zamani, umelifunga kiunoni, na bado ulipendeza. Mimi nilikuwa nachuruzika jasho.

"Vua koti," ukasema.

"Haiwezekani, mama."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Ndani si kuzuri."

Hukungoja maelezo. Ulifungua kifungo kimoja pale pale njiani, ukachungulia, ukakifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu. Ndani ya koti la heshima nilikuwa na fulana ya mwanao, ya kampeni, yenye uso wa mgombea udiwani aliyeshindwa, na tundu mahali pa jicho lake la kushoto. Ulicheka mpaka ukaishika nguzo ya taa za barabarani, zile wanazoziita robot. Taa zikawaka kijani, zikawaka nyekundu, watu wakavuka, wewe bado unacheka. Yule Mkongomani aliyekuwa akiuza blauzi pale kando akaniona nilivyolowa jasho, akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, huyu mutoto anagonjwa?"

"Haumwi," ukamjibu. "Kavaa uongo."

"Ah bon! Basi akuje hapa, niko na blouse muzuri ya kumuponyesha."

Tulinunua ile ya bluu. Nikaivaa nyuma ya kitenge ulichokishikilia wewe na mke wa Mkongomani, na mgombea nikamtia ndani ya mfuko wa plastiki. Njiani ukanipa sheria ambayo mpaka leo ndiyo ninayovalia: "Usivae kitu usichotaka kukutwa nacho. Huku jua litakukuta nacho tu." Nimesoma majarida ya mitindo katika saluni zote za Observatory, mama, sijaona aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wewe ukiwa umeshika robot.

Na mvua ya mawe ya Soweto je? Tulikwenda kuwatembelea wale jamaa wa Tanga wenye spaza, duka lao dogo la mtaani, wote watatu, wewe na mimi na mwanao. Tuliondoka na jua. Tulipokuwa bado hatujafika mlangoni, mbingu ikageuka, na yakaanza kushuka mawe ya barafu, makubwa kama ubuyu. Ulisimama katikati ya njia ukauliza nani anaturushia. Tukakimbilia dukani tumelowa. Mwenye duka alikuwa na mtoto mchanga, ukavua sweta ukamfunika. Mkewe alikuwa anatetemeka, ukampa mtandio wa juu ukabaki na wa ndani. Kisha ukavua kizibao. Mwanao akanyoosha mkono kukipokea, kwa sababu na yeye meno yalikuwa yanagongana, na kilikuwa cha baba yake. Ukampita ukanivika mimi.

"Mama, na mimi je?" akasema.

"Wewe una nyama."

Alinuna njia nzima mpaka nyumbani. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na kizibao kile kimenikaa mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nchi hii nikajisikia nina mama ndani ya gari. Sikukuambia siku ile. Nakuambia leo.

Juu ya mwanao sitasema mengi, kwanza kwa sababu ni mwanao, pili kwa sababu usingizi wangu umesharudi na sitaki kuusumbua. Tuliachana kwa adabu. Aligawa vyombo vizuri, akaniachia hata ile sufuria kubwa. Huyo anayemwoa nimeonana naye sokoni, ana salamu nzuri na hana koti la maana. Sina neno naye. Ninachokiogopa ni kingine, na nitakisema hivi hivi kilivyo: nimempoteza mume na nimeweza, lakini kukupoteza wewe sijui kama nitaweza. Talaka ilisema mimi na yeye basi. Haikusema lolote juu yako. Mwaka huu wote nimekuwa nikishika simu kukupigia, hata siku ya Idi, ninaiweka chini, kwa sababu sijui anayepiga ni nani kwako. Na sasa unakuja, na kuna mwingine atakayekuita mama, tena kwa haki yake.

Ndiyo maana jana jibu la kwanza nililoliandika lilikuwa hili: "Vaa dera jepesi tu mama, kuna joto." Nilitaka utetemeke kidogo. Nilitaka ukae kwenye kiti cha mbele, baridi ikupande miguuni, useme moyoni, angekuwepo fulani nisingekuwa hivi. Nikalitazama jibu lile hadi nikajicheka, nikalifuta.

Sasa sikiliza. Ndani vaa lile gauni la zambarau la mikono mirefu, la pamba, maana mchana utabaki nalo peke yake na picha nyingi zitapigwa wakati huo. Juu yake abaya ya kufunguka mbele, ile nyeusi yenye nakshi mkononi, usiifunge, acha gauni lionekane. Kizibao juu ya abaya, ndiyo, hata harusini, na atakayesema ni cha kiume mtazame tu. Mtandio chukua mpana na mzito, wa rangi moja, kwa sababu zambarau ile inapiga kelele ya kutosha na nguo nyingine zinatakiwa zinyamaze. Viatu vya kufunika. Nakurudia, mama, vya kufunika. Ukianza kuvua anza na mtandio mzito, usianze na kizibao, kisije kikapotea kwenye viti. Mawingu yakianza kujaa baada ya adhuhuri, sogea karibu na hema mapema, wala usingoje mwanao akuambie, kwa sababu atakuwa anaangalia mahali pengine siku hiyo, kama inavyotakiwa.

Na ukimwona bibi harusi anatetemeka jioni, mpe kitu. Utampa tu, najua, hata nisingekuambia. Nimeliandika hili ili ujue kwamba halitaniudhi. Labda litaniudhi siku moja hivi, kisha litapita.

Harusini sitakuja. Lakini kesho yake nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, katika ile sufuria kubwa, na hiyo sufuria haijui kupikia mtu mmoja. Njoo unisimulie yote, nani alivaa nini, nani alipata aibu, nani alilowa. Nataka kusikia hata habari za mwanao, kwa kiasi. Wakikuuliza pale mlangoni kwangu unakwenda kwa nani, simama utafute jibu lako mwenyewe, mimi siwezi kukutafutia. Langu nimeliandika hapa chini.

Mkweo, bado