Mulango ya Jémima Ilikuwa Wazi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mvua ya kwanza! Ilinyesha asubui yote, kisha jua kali. Njia yote ya Kolwezi ni matope.

Leo siku ya bamama ba mimba. Banchi ya nyumba yetu ya kuzalisha ilijaa paka inje. Ntumba, infirmière mudogo, muuguzi mwenye kutumika na mi, alikuwa anaita majina, mi ninapima. Tulikuwa tumetoka kusukula chini na maji na sabuni. Mugongo inaniuma.

Njo Jémima akaingia. Muke ya Dady, ule kijana creuseur, mwenye kuchimba mawe ya madini. Yeye anasukula mawe ku mutoni na bamama bengine. Mimba ya kwanza, myezi saba hivi. Matope paka ku magoti, babouche, ndala zake, mu mukono. Anakanyaga chini fasi tulisukula!

Nikapandisha sauti. Nikamuuliza kama anawaza hapa ni mutoni. Kama anataka kuzala mu matope sawa nguruwe.

Bamama bakacheka. Mi pia nilicheka kidogo. Jémima akasema polepole, "Ninaenda kunawa miguu, mama." Akatoka.

Hakurudia. Atakuya kesho, banakuyaka kila mara.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakukuya.

Ntumba aliniuliza wakati tunakula: "Mama Henriette, uliona miguu ya ule mama wa matope?" Nikamwambia niliona, ilikuwa michafu. Akasema: "Hapana uchafu. Ilivimba. Njo maana babouche ilikuwa mu mukono — haingie tena. Na sura pia."

Nikaweka kijiko chini. Nilimuangalia kweli ule mutoto Jémima? Niliangalia paka chini, fasi tulisukula. Sura yake sikuiona.

Miguu kuvimba, sura kuvimba. Inawezekana ni damu inapanda. Inawezekana ni joto tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna Jémima. Kazi mingi. Mama moja alizala muzuri, mutoto mwanaume, alilia sana. Sikufurahi sawa siku zingine.

Kesho ninaenda kumutafuta mi mwenyewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike yote, hata kama inaniuma.

Nilitia mashini ya kupima tansio ya damu mu sac, nikashuka ku mutoni. Bamama beko mu maji paka ku kiuno, banapepeta mawe mu bichungio bya waya, batoto ku mugongo banalala. Nikasalimia. Bakaitika, lakini polepole. Nikauliza Jémima eko wapi. Bakaangaliana. Bakasema eko ku nyumba, kichwa inamuuma tangu jana.

Pale nikaona mama moja na tumbo kubwa, sura ngeni kabisa. Nikamuuliza kama anapimishaka wapi. Akainamisha kichwa. Bilonda, mama munene mwenye kuuzisha beignets, mandazi, pale, njo alijibu kwa nafasi yake:

"Mama Henriette, usikasirike. Tunaogopa mudomo yako kupita kuzala."

Bote bakacheka! Mi nikacheka na beye. Nilicheka paka machozi.

Lakini mu kupanda kilima, kicheko ikaisha. Mara ngapi nimekaa mu réunion na bakubwa ba kazi, nikasimama na kueleza juu ya nini bamama ba huku habakuye? Nilisema ni mbali. Nilisema ni mabwana babo, ni bachungaji, ni bujinga. Bakubwa banaandika, banatingisha kichwa. Banaleta bitanda, banaleta ndoo, banaleta bitenge bya zawadi kwa mama mwenye kuya kuzalia kwetu. Byote bizuri. Na mi ninasimama ku mulango na mudomo yangu.

Nikafika kwa Jémima. Mama Mbuyu, mama mukwe yake, alikuwa anapepeta unga ya muhogo inje. Mama moja mukavu, anakohoa kifua. Hakunipatia kiti.

"Ulimufukuza mbele ya batu. Sasa unamutafuta ya nini?"

Nikamwambia: "Mama, nilikosa. Nimekuya kuomba musamaha."

"Uombe kwake. Hapana kwangu."

Mulango ilikuwa wazi. Niliona ncha ya mukeka na miguu yake. Minene. Sauti ikatoka mule ndani, ndogo: "Mumwambie aende, mama. Nitaenda kesho. Kichwa ikipoa."

Na mi — nikaenda!

Mashini ilikuwa mu sac. Hatua kidogo tu. Kuinama, kufunga ule mukono na kitambaa, kupampa upepo na kale kapira, kusoma. Kazi ya kila siku! Lakini mama mukwe alikuwa ananiangalia, bajirani banasimama ku lupango, pale ku kiwanja, na haya ikanikamata. Nikawaza: nikiingia kwa nguvu, batasema tena Mama Henriette anatukana batu paka mu nyumba zabo. Nikawaza juu ya jina yangu. Hapana juu ya damu yake.

Nikaacha salamu. Nikasema, "Kesho asubui, mapema, mutamuleta?" Mama Mbuyu akarudia ku unga yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubui hakuna. Ninaangalia njia paka macho inauma.

Nilikuwa ninavaa biatu niende — hata kama bananifukuza na fimbo — pikipiki ikaingia mu lupango. Dady nyuma, amemushika Jémima mbele yake sawa gunia. Dady analalamika tu: "Alitingishika, mama! Macho ikageuka! Anajiuma ulimi!"

Tansio juu sana, sijaonaka vile tangu zamani. Tulimupiga sindano ya kuzuia kutingishika, Ntumba mukono moja, mi mukono ingine. Ntumba alihesabu dawa bila kukosea. Mi nilimufuata.

Tukapata gari ya mufanyabiashara moja wa makala ya kupikia, akamwaga magunia yake njiani bila kuuliza kitu. Mama Mbuyu akapanda. Akaniangalia, akasema: "Unabaki ao unaenda na siye?"

Nikapanda.

Jumapili, 12 Oktoba. Hospitali kubwa

Balimupasua jana magaribi. Mutoto mwanamuke. Mudogo, mudogo! Lakini alilia — sauti sawa ya paka mudogo. Jémima eko muzima. Analala, dawa inamulaza, damu inaanza kushuka. Docteur anasema tungojee.

Mashini za kutia batoto joto zimejaa. Docteur akasema kangourou: mutoto uchi ku kifua ya mutu, ngozi kwa ngozi, afungwe na kitenge, asitoke. Nani atamubeba? Mama Mbuyu akasimama, akaanza kufungua blouse. Docteur akasikia kikohozi yake, akakataza. Nilimuona vile alifunga vifungo tena, moja moja. Iliniuma.

Dady alinyoosha mikono. Imekauka, imepasuka, vumbi ya mawe ndani ya ngozi. Akairudisha. "Nitamuvunja, mama. Mikono yangu ni ya kuvunja." Nikamwambia hapana mikono, ni kifua tu. Akalia. Akatoka inje.

Mama Mbuyu akaniangalia. Kisha akasema, hapana kwa upole: "Vua basi. Unangojea nini?"

Nilivua. Bakamutia hapa, katikati. Joto yake kidogo sana. Kichwa yake inaingia mu mukono yangu yote. Nimekamata batoto mingi mu maisha yangu, nikabapatia bamama babo, nikanawa mikono, nikaita mwingine. Hakuna hata moja nilikaa naye hivi, kusikia anavuta hewa, anasimama, anavuta tena. Kila mara anasimama, mi pia ninasimama.

Mama Mbuyu alinifungia kitenge ku mugongo. Fundo nguvu. Hakusema asante, na sikuitafuta.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ninaandika na mukono moja, karatasi ku goti. Mutoto eko hapa, analala. Amekunywa maziwa kidogo na kikombe.

Ntumba alipiga simu asubui. Ni siku ya bamama ba mimba na eko yeye peke yake. Alitundika kitenge katikati, kila mama anaongea naye pembeni, bengine habasikie. Anapima tansio kwanza, mbele ya neno lolote. Na ule mama wa tumbo kubwa wa ku mutoni alikuya! Na Bilonda alimusindikiza.

"Nilifanya bibaya, mama, bila kukuuliza?"

Nikamwambia ulifanya muzuri. Nikakata simu haraka. Kitenge! Kamba na kitenge tu. Byote tulikuwa nabyo.

Nyuma ya saa sita, Jémima alifungua macho.

Kwanza alitafuta tumbo yake na mukono. Nikasimama karibu. "Eko hapa. Mwanamuke. Eko muzima." Nikafungua kidogo kitenge aone kichwa. Aliangalia. Sura yake yote ikafunguka, hata na ule uvimbe. Kisha macho ikapanda, polepole, ku shingo yangu, ku sura yangu.

Alinijua.

Nikasema: "Jémima, nisamehe. Kwa ile siku, na kwa mulango yako, sikuingia."

Akageuza kichwa, akasema: "Mutoto, mumupe mama mukwe."

Mama Mbuyu alikuwa pale ku miguu ya kitanda. Akafunika mudomo na kitambaa, akakohoa. Hakumwambia kama docteur alikataza. Mi pia sikumwambia. Nikisema mi, itakuwa tena ni mi ninaamuru.

Jémima amefunga macho, lakini halale. Ninaona kope zinatingishika. Docteur anasema labda kesho atakuwa na nguvu ya kumubeba. Labda.

Sijafungua kitenge. Sijakataa pia. Nimevuta kiti karibu na kitanda yake, karibu sana, paka mugongo ya mutoto inagusa mukono ya Jémima. Hajaondoa mukono.