Blanketi Jekundu Juu ya Paa

Mdogo wangu,

Mguu wa mama umepona, ameanza tena kugombana na majirani. Mimi bado nachambua picha za setilaiti kwenye kampuni ileile. Kila Jumanne nikiliona blanketi jekundu unalonianikia juu ya paa, najua u mzima huko mafichoni.

Jana serikali ilikuja kutaka picha zote za bonde lenu. Bosi alibisha kwamba ni mali ya kampuni. Wakamwonyesha kifungu cha sheria, akanywea. Siku zote tunasema serikali ina mkono mrefu. Jana mkono huo ulikuwa wangu, maana mimi ndiye niliyewapa.

Usilianike tena. Ila Jumanne nikiona paa tupu, sitajua kama umeipata barua hii au wao wamekupata wewe.

Dada yako