Mbaazi za Mama

Kansay, Karatu
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Inosenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Kikohozi kimeisha? Unakula vizuri? Huku tu wazima. Shemeji yako Fabian mgongo umetulia, na wapwa zako wamekua, hutawatambua ukirudi. Mama presha inapanda na kushuka, lakini sala za jumuiya hakosi.

Utashangaa kupokea karatasi siku hizi za simu. Ukipiga, Mama anataka spika iwekwe na anakaa katikati yetu, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Mashine imefika. Ile pawatila, trekta dogo la mkono la kupalilia, iliyoletwa na mradi wa ushirikiano kati ya nchi yetu na hiyo unayosomea. Shamba la Mama likachaguliwa kuwa shamba darasa kwa sababu yeye ni mama yako, wewe unayesomeshwa chuo na mradi huohuo. Tulijivuna, sikatai. Wiki iliyopita nilikwenda mnadani, na niliporudi mashine ilikuwa imeshapita. Mahindi yamesimama kwenye mistari yake, safi kabisa. Katikati ni udongo mtupu. Mbaazi zimefyekwa, Inosenti! Zote!

Nilimfuata bwana shamba nikiwa nimefura. Akanijibu kwa upole kwamba wataalamu walipokuja mwaka jana waliuliza tunapanda nini, nasi tukajibu mahindi. Ni kweli tulijibu hivyo. Nani hapa Kansay anasema anapanda mbaazi? Mahindi tunapanda, mbaazi tunachomeka katikati ya mistari. Hakuna aliyetuuliza tunachomeka nini! Mkalimani akatafsiri alichosikia, na huko wakaunda visu vya kusafisha kila kilichoota kati ya mistari. Visu hivyo vinaweza kupunguzwa upana, fundi wao mwenyewe kasema ni kazi ndogo, ila eti lazima agizo litoke huko kwenu.

Na wewe ulijua. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Unakaa nao meza moja, unasomea mashine hizohizo, hukuwahi kuwaambia kwamba ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mbaazi? Mahindi tunakula yanakwisha. Mbaazi ndizo zinazomnunulia Mama dawa za presha. Kuchomeka upya sasa hivi ni kujisumbua bure, wakati umepita.

Lakini si mashine iliyonimaliza. Jirani yetu Selestina ameniambia kwamba Mama alikuwepo shambani siku ile. Alisimama pembeni akitazama mbaazi zake zinang'oka, na walipozima mashine akawashukuru. Nilipomuuliza kwa nini hakuwazuia, alinishika mkono akasema, "Lusia, nyamaza. Mtoto anakula mkononi mwao." Anaamini akilalamika, watakurudisha.

Baada ya Pasaka wageni wa mradi wanakuja tena, na Mama ndiye atakayezungumza kwa niaba ya kikundi chetu cha wakulima. Akisema mambo ni mazuri, mashine inaingia kwa Selestina, kisha kwa wengine wote, na visu vilevile. Kila jioni namsikia jikoni akifanya mazoezi ya hotuba yake. Inaniuma hata siwezi kula.

Shangazi Hyasinta anakusalimu sana, na Fabian, na watoto, na jumuiya yote. Mungu akufunike popote upitapo, akurudishe kwetu na afya yako.

Ombi langu ni hili moja. Mpigie Mama, umwambie azime spika na asiwe na mtu mwingine karibu, na umwambie masomo yako hayategemei ukimya wake, aseme kweli mbele ya wageni.

Na kama yanategemea, usimpigie. Niambie mimi peke yangu, nami nitafunga mdomo mpaka umalize chuo.

Dada yako akupendaye, hata leo alipokasirika,
Lusia