Nilivyomkana Okelo

Jumanne, Machi 1989

Nimesema simjui. Nimesema hivyo mbele ya mkewe.

Okelo alinikatia miwa miaka sita na sikumwandikisha hata siku moja. Sikumkatia kodi wala akiba ya uzeeni. Nilimwita kibarua, maana kibarua serikali haimuulizii. Wiki mbili zilizopita nyoka alimuuma katikati ya shamba langu, akafia njiani tukimpeleka hospitali.

Leo afisa wa leba, yule wa idara ya kazi, amekuja na mjane wa Okelo, Mama Atieno, kutoka Asembo Bay. Afisa akafungua rejista yangu ya wafanyakazi, akapitisha kidole kwenye majina yote.

"Mzee, huyu marehemu alikuwa mtu wako?"

"Simjui. Labda alikuwa anapita tu."

Vibarua wangu walikuwa wamesimama pale. Wote waliangalia chini, kila mmoja akiogopea kazi yake.

Mama Atieno hakulia. Alinikazia macho. "Baba, Krismasi ulikula kwangu. Atieno ulimpakata wewe."

Afisa akafunga rejista, wakaondoka.

Tangu hapo nayaona tu. Yale macho yake...

Jioni nimewaita vibarua wote niwaandike majina, mmoja mmoja, kama sheria inavyotaka. Nilipomaliza nikauliza nani amebaki. Kisha mama mmoja anayefunga miwa akasema, bila hasira, "Bado Okelo, Mzee."

Nimemwandika. Kesho nampelekea afisa rejista mwenyewe, Kisumu, kabla woga haujanirudia.