Hadi Kondoo Wanone

Malishoni, 2 Aprili

Binti yangu Narmandakh,

Hujambo huko Korea? Kiwanda hakijakumaliza? Sisi tupo, mama yako anakusalimu. Kondoo wamevuka baridi wakiwa hai, ila ni mifupa mitupu.

Nilikwenda Ulaanbaatar kupimwa. Usishtuke. Daktari ameona saratani kwenye ini, ya sentimita mbili. Anasema bado changa, nipasuliwe upesi. Wanataka tugriki milioni thelathini. Bima? Inalipia kitanda na uji tu! Nao kondoo wakiwa hivi, mchuuzi anatoa laki moja kwa kila kondoo, tena huku anacheka. Niuze zizi zima ndiyo zitimie. Mama yako anataka niuze. Wewe unasemaje?

Baba yako, Gombosuren

Ansan, 19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia chooni mpaka msimamizi akadhani nimekatwa na mashine. Nina milioni tatu tu, nimezituma.

Nimepiga hesabu mara kumi. Ukiuza wote sasa, mtakula nini? Mfugaji gani anauza mifupa? Subiri Septemba, Baba, wanone. Ni miezi mitano tu. Na pombe usiguse, hata wageni wakikushika shati!

Mwanao

Malishoni, 30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kazi ya kiwanda haikuumizi mgongo? Umesema kama mtoto wa mfugaji, nimefurahi. Nyasi za mwaka huu usiseme! Kondoo wanavimba mikia. Mimi ndiye ninayekonda, mkanda nimeutoboa tundu la tatu. Ubavu unauma, lakini farasi bado napanda. Mama yako amenuna. Mchuuzi alikuja na laki mbili, nikamfukuza. Septemba atafika mbili na nusu.

Baba yako

Ansan, 14 Julai

Baba,

Shikamoo. Muuzie! Mfuate huyo mchuuzi leo hii. Nakuomba.

Mwanao

Ulaanbaatar, 25 Septemba

Binti yangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Barua yako ya Julai ilitukosa, tulikuwa tumehamia malisho ya mbali. Dereva anayetuletea barua amenipa juzi.

Nimeuza kondoo mia na ishirini kwa laki mbili na nusu. Wilaya nzima hakuna aliyeuza kama mimi. Pesa zote zimetimia.

Daktari amenipima tena. Sasa ni vivimbe vitatu, na kimoja kimeingia kwenye mshipa mkubwa. Nikamwekea pesa mezani, akazisukuma zikanirudia. "Mzee, Aprili ningekupasua," akasema. Nikamwambia Aprili walikuwa wamekonda. Akadhani nimechanganyikiwa. Ni mtoto wa mjini, hajui. Dawa za maumivu amenipa bure.

Naogopa, mwanangu. Sikudhani ningeogopa hivi.

Mama yako analia, anauliza ni nani aliyenitia akili ya kungoja. Nimemwambia ni ubishi wangu mwenyewe. Barua yako ya Aprili nimeichoma. Akikuuliza, na wewe sema hivyo hivyo.

Baba yako