Mtumbwi wa Komora Umefika kwa Mama Yake

Jumapili jioni, Garsen. Upepo haujatulia tangu asubuhi. Bati la jirani linapigapiga, na kila likipiga nashtuka. Viganja vimechubuka na mabega hayanyanyuki, lakini hayo yatapona.

Leo tumempelekea Mama Komora mtumbwi wa mwanawe.

Komora rafiki yetu tulimzika kabla ya mvua hizi kuanza. Ugonjwa ulimkuta kijijini Hewani, huko juu ya mto, kwa wajomba zake, alikokwenda kuwasaidia shambani. Walimkimbiza hospitali kwa gari, mtumbwi wake ukabaki umefungwa ukingoni. Hakurudi kuufungua. Mama yake anaishi kando ya ziwa, huku chini ya Garsen, na shamba lake la mpunga liko ng'ambo. Bila mtumbwi anangoja hisani ya majirani ndipo avuke, na palizi haingoji mtu. Basi tukasema tutaupeleka wenyewe, sasa hivi mto ukiwa umejaa na mfereji wa kuingilia ziwani una maji.

Tulikuwa watatu. Hiribae, Mpokomo, aliye kama aliyezaliwa na kafi mkononi. Barisa, Muorma, ambaye ng'ombe wake wanaogelea na yeye hawezi. Na mimi, Mgiriama wa kutengeneza simu pale stendi. Kila ninachokijua cha maji nilifundishwa na Komora.

Jana mto ulituonea huruma. Tulishuka kutoka Hewani tukipita chini ya msitu, Hiribae amesimama nyuma na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia, Barisa ameshika kingo mbili za mtumbwi kwa nguvu zake zote. Nikamwambia aulegeze, huo si fahali. Tukacheka. Kisha kila mmoja akakumbuka ni nani angecheka kutushinda sote, na Hiribae akasukuma kwa nguvu mpaka Garsen. Walilala kwangu.

Leo lilikuwa ziwa.

Upepo ulitupiga ubavuni mara tu tulipotoka mferejini. Upondo haukugusa chini. Mawimbi yakawa yanaingia, Barisa anayachota kwa mtungi wa plastiki uliokatwa, na yanaingia tena. Niliogopa kweli. Niliogopa kufa, na niliogopa kumzamishia yule mama kitu pekee alichoachiwa na mwanawe.

"Tupeleke pembeni, bana!" Barisa akapiga kelele. "Mimi nikianguka hapa ni kwaheri!"

"Pembeni kuna viboko," Hiribae akasema.

"Kiboko nitamuona. Hii maji mwisho wake sioni!"

Tukageukia matete. Huko hupiti kimya. Unagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ili kiboko asikie mapema asogee, asije akashtuka mko juu ya mgongo wake. Kila mwenye mtumbwi ana namna yake ya kugonga. Ya Komora ilikuwa mbili za haraka, kimya, kisha moja nzito. Ndiyo aliyonifundisha. Na akikaribia kwao aliigonga hata pasipo na viboko, ili mama yake ateleke sufuria. Jambo hilo tulilijua sote watatu.

Hiribae mikono yake ilikuwa na kazi. Akaniambia, "Gonga!" Nikashika kafi, na mkono ukatangulia akili.

Mbili za haraka. Kimya. Moja nzito.

Niligonga hivyo matete yote, tena nikijisifu moyoni kwamba hakuna kiboko aliyeinuka. Matete yakaisha, tukaiona bandari yao ndogo. Moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni. Mama Komora alikuwa anateremka mbio, leso inamponyoka, mikono ina unga.

"Nimesikia! Nimesikia, baba! Shuka polepole, hapo pana utelezi!"

Kisha akatuona.

Uso wake siwezi kuuandika. Anajua mwanawe amekufa, alitupa udongo kaburini kwa mkono wake. Lakini sikio lake lilisikia alichokizoea, na miguu ikaondoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi tulidhani tunaujua kwa kuwa tulibeba jeneza.

Wa kwanza kushuka alikuwa Barisa. Yeye anayeogopa maji aliingia mpaka kiunoni, akaenda kusimama mbele yake. "Mama, tusamehe," akasema. Mimi nilikuwa bado nimelishika kafi.

 Mama aliingia majini na leso yake, akapitisha mkono ubavuni mwa mtumbwi mpaka pale kafi lilipobonyeza mti kwa miaka. Akauacha mkono hapo. Sisi hatukujua tutazame wapi. Mwisho akanawa unga palepale.

"Haya, njooni mle. Sima itaungua."

Tukala. Sima ilikuwa nyingi, ya kumtosha kijana mwenye njaa, na ilibidi tuimalize.

Wakati wa kuondoka alitusindikiza hadi barabarani. Akaushika mkono wangu, huu uliogonga.

"Mtumbwi nimepokea. Mje, msinikimbie," akasema. "Lakini ile ya Komora msigonge tena. Kila mmoja agonge yake. Nitawajua."

Tumerudi kwa bodaboda moja, watatu.

Sasa nimekaa na chai iliyopoa, nagonga ukingo wa meza kwa kidole. Kila nikijaribu inatoka ile yake. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi napaswa kuwa na yangu.

Mpunga ukiiva nataka kwenda kumsaidia kuvuna. Nitapita kando ya matete yale yale, nitagonga, naye atanisikia akiwa jikoni. Nataka siku hiyo ateremke akitembea, si mbio.

Nagonga meza tena.