Mtungi wa Merle

Jumamosi, 7 Oktoba 2023

Nimeshindwa kwenye mashindano ya klabu ya kulenga shabaha. Si kwa jicho wala kwa mkono — kwa upepo. Vinyama vya bati vya mwanzo nimeviangusha vyote, kindi, sungura, hata yule kunguru wa mbali ambaye wanaume wawili walimkosa. Kufika vituo vya mwisho, risasi zikaanza kushuka. Nalenga kifua, inapiga miguu. Bunduki ya upepo ikiishiwa upepo ni fimbo tu.

Gus Petrak wa klabuni kanionea huruma, kafungua mkoba wake anijazie bunduki. Geji ya mtungi wake wa upepo iko kwenye kijani, umejaa pomoni. Wangu hata nusu haukuvuka. Na mitungi yote miwili ilijazwa asubuhi hii hii, kwenye kompresa ile ile, na mtu yule yule. Lowell Dreisbach!

Nikamwuliza mbele ya watu. Akatazama viatu vyake. Eti upepo ukitoka kwenye kompresa huwa wa moto, ukipoa geji inashuka, shemeji. Na wa Gus haupoi? Akasema tutaongea siku nyingine. Kisha kaniletea kahawa, kama vile mimi mtoto wa kubembelezwa. Nimeimwaga kwenye majani.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Tangu mume wangu Merle afariki nimekuwa nikipeleka mtungi wake kwa Lowell kila Jumamosi, kama klabu nzima. Ndiyo desturi yetu: kompresa ni ya mmoja, sisi wengine tunapanga mitungi kwenye sakafu ya gereji yake, tunakula donati na kuwasengenya wasiokuja, mpaka zamu ifike. Na kila mara wangu unatoka nusu. Nikadhani ndivyo mtungi wenyewe ulivyo. Zamani Merle ndiye aliyeupeleka, mimi nilikuwa naomba upepo tu kwenye bunduki yangu.

Kumbe napunjwa. Mwanamke mjane, apewe kidogo asije akajilipua! Mimi niliyeendesha basi la shule kwenye barafu ya Ohio maisha yangu yote, na watoto wa watu nyuma.

Nimeagiza kompresa yangu mwenyewe. Ya umeme, ya nyumbani. Sitamwomba mtu upepo tena.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sikwenda kwa Lowell. Gus kapiga simu: donati zimebaki, na Lowell kauliza mara mbili kama naumwa. Nikamwambia amjibu siumwi, nina hasira.

Nimejaza bunduki kwa pampu ya mkono. Bega linawaka. Unakandamiza mpaka unaona nyota, mshale wa geji unasogea unene wa ukucha. Kila nikikandamiza namtaja Lowell. Imesaidia kidogo.

Alhamisi, 19 Oktoba

Imefika! Dereva kaliacha boksi huko barabarani, kaondoka bila hata kupiga honi. Nimeliburuta mpaka gereji kwa kibao cha kutelezea thelujini, juu ya majani makavu, nikimtukana njia nzima.

Maelekezo nimeyasoma, nikayarudia. Oili yake maalumu, si ya gari. Ndoo ya maji na barafu ya kuipoza. Kila baada ya muda unafungua koki kutoa unyevunyevu, nayo inapiga chafya. Mbwa wa jirani kabweka mpaka sauti imemkauka. Leo nimeijaribu kwenye bunduki tu. Imejaa kabla sijamaliza chai! Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Nikampigia Gus kuringa. Nikamwambia Jumamosi najaza mtungi wa Merle mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu niujue. Akasema, Verna, Lowell akisikia atanuna mwezi mzima. Na anune.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandikia jikoni. Si kwa woga. Ni hasira. Sawa, na woga pia.

Kompresa imenguruma tangu nilipomaliza kula cha jioni. Nikaipumzisha, nikaiwasha tena, kama kitabu kilivyoelekeza. Geji ikavuka nusu. Ikaendelea. Ikaingia kwenye kijani, mashine ikajizima yenyewe, nami nikapiga makofi.

Mara pikapu ikapanda njia kwa kasi, ikakanyaga maua yangu. Lowell! Gus keshamwambia. Na ndala miguuni, koti juu ya nguo za kulalia. Hakusalimu. Akanishika mkono wa sweta akanivuta mpaka uani. Nikamwambia aniachie au nitamzaba kofi. Akaniuliza umejaa? Nikasema umejaa, na hukuujaza wewe. Akafumba macho.

Ndipo akasema. Mtungi umeisha muda. Ule mwili wake wa nyuzi za kaboni una miaka yake, ikipita hautakiwi hata kupimwa tena, ni wa kutupwa; ukijazwa pomoni unaweza kupasuka. Na miaka imepita siku nyingi. Merle aliununua umetumika, kwenye meza za kubadilishana vitu, bila kuangalia tarehe. Lowell ndiye aliyeiona. Merle akasema atanunua mwingine. Huku akimwomba: nijazie nusu tu, na Verna asijue, atanicheka.

Nusu. Wiki baada ya wiki, nusu.

"Angenunua," Lowell akasema. "Kisha akaugua."

"Na mimi? Merle alipokufa, mimi ungeniambia lini?"

"Ulikuja nao Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, shemeji. Umeufunga kwenye shati lake. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Lowell. Una mdomo."

Akaanza kulia. Mzee mzima, na ndala zake, uani kwangu. Nilimwambia alie ndani ya gari lake.

Alitaka aingie yeye aufungue, utoe upepo polepole, halafu autoboe kwa drili asiutumie mtu tena. Nimekataa. Ni mtungi wa nyumba yangu na nimeujaza mimi. Akasema basi haondoki. Haondoki kweli. Pikapu iko ng'ambo ya barabara, naiona kutoka dirishani.

Merle, mpumbavu wewe! Mtungi ule nimeusafirisha nyuma ya kiti changu, kwenye mashimo, nikiimba. Uliniacha niendeshe nao ili nisikucheke? Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka wiki nzima, kisha tungenunua mwingine, na leo ningekuwa nakulilia vizuri bila kutaka kukukaba.

Na huyu naye. Kila Jumamosi ananitazama usoni, ananipa donati, ananidanganya. Eti upepo ukipoa! Wanaume wawili wamekaa wakaamua mimi nisijue kitu kinachoweza kuniua. Wakauita wema.

Simu imelia. Ni yeye, kutoka kwenye gari. Nimeipokea nimfukuze. Kabla sijasema lolote akasema, fungua koki kidogo tu, simama pembeni, usikae mbele yake. Ukiona mtungi unatoa jasho la baridi, funga, usubiri. Nikamwambia najua, nimesoma. Akasema, nibaki kwenye simu?

Nimeiweka simu mezani, hapa karibu na daftari. Spika iko wazi, namsikia anapumua.

Nimevaa miwani ya kulengea na glavu za Merle za bustani. Nimezivua. Nimezivaa tena.

Nimemwambia anyamaze. Hajakata, na mimi sijakata. Naichukua simu, naenda gereji kuufungua.